Kuirudisha Sauti ya Kuta: Kutoka Misikiti ya Kaole hadi Hedifoni

Sauti inayosikika ndani ya jengo ina sehemu tatu. Ya kwanza hutoka moja kwa moja kwa msemaji au mpigaji ala hadi sikioni. Ya pili huchelewa kidogo, sehemu ndogo tu ya sekunde, kwa kuwa imepitia ukutani, sakafuni au darini. Ya tatu ni mrindimo, yaani mkia wa mapigo maelfu yaliyochanganyika hata hayatenganishiki, unaofifia polepole mpaka kimya kirudi. Anayetaka kumsikilizisha muziki mtu aliyekaa sebuleni kwake ajione yumo ukumbini hana budi kuzirudisha zote tatu, tena zitokee pande zile zile zilizotokea mwanzo. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka 140 na bado haijakamilika. Katika pwani ya Bagamoyo ina ugumu wa ziada. Huku majengo yenye sauti ya pekee yalipoteza mapaa yao kabla maikrofoni haijavumbuliwa, na muziki ulipoanza kurekodiwa, ulirekodiwa mbali na kuta zake.

Mawe, boriti na mihrabu: karne ya 13 hadi ya 19

Magofu ya Kaole yako kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Yana misikiti miwili na makaburi, baadhi yake yakiwa na nguzo ndefu za mawe. Msikiti wa zamani zaidi kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Uchimbaji wa mwanzo ulifanywa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Neville Chittick, mkuu wa kwanza wa idara ya mambo ya kale ya Tanganyika, na baadaye Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliendeleza utafiti mahali hapo. Wote wawili walisoma mawe, vigae na makaburi. Sauti haiachi kigae.

Hata hivyo, mawe yenyewe yanasema mengi kuhusu sauti, kwa sababu kilichoiamua hakikuwa nia ya fundi bali vifaa alivyokuwa navyo. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa iliyolainishwa. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Ndiyo maana katika vyumba vya mawe vya pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kilwa, upana mara nyingi haufiki mita 3. Aliyetaka nafasi pana zaidi alisimamisha safu ya nguzo katikati, na hata hapo kila njia kati ya nguzo ilibaki nyembamba.

Wembamba huo una sauti yake. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 2.8, wimbi zito la takriban hezi 60 hunaswa na kuvimba. Wimbi la mara mbili yake, karibu hezi 120, huangukia palepale kwenye sauti ya mwanamume anayesoma kwa utulivu. Msomaji husikia baadhi ya herufi zake zikijazwa na chumba, na haikawii kabla hajajifunza, bila kufundishwa, ni kiwango gani cha sauti ambacho chumba kinakipenda.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Chukua chumba cha kufikirika cha aina hiyo: upana mita 2.8, urefu mita 8, kimo mita 4, milango imefungwa, lipu ya chokaa pande zote, nayo humeza asilimia 3 tu ya sauti inayoigusa. Chumba hicho kikiwa kitupu, sauti ingechukua takriban sekunde 3.7 kufifia. Wakiingia watu 20, miili na nguo zao zingemeza sauti nyingi kuliko kuta zote kwa jumla, na mrindimo ungeshuka hadi karibu sekunde 1.2. Kwa maneno mengine, msikiti wa alfajiri wenye watu watatu na msikiti wa Ijumaa uliojaa ni vyumba viwili tofauti kwa sikio, ingawa ni jengo lile lile.

Mihrabu nayo ilikuwa na kazi ya sauti, iwe mafundi waliilenga au hawakuilenga. Imamu huswalisha akiwa ameelekea kibla, ambayo katika pwani hii iko upande wa kaskazini, na migongo ya maneno yake ndiyo ingewafikia walio nyuma. Tundu lililojipinda mbele yake huipokea sauti na kuirudisha kwenye safu. Kilwa, ambako Msikiti Mkuu uliongezwa kuba mwanzoni mwa karne ya 14, jambo hilo ni tata zaidi, kwa kuwa kuba hukusanya sauti sehemu moja na kuinyima nyingine.

Tangu karne ya 18 Bagamoyo iliinuka na Kaole ikafifia. Mikoko ilijaza bandari ya zamani, mapaa yakaanguka. Hapo ndipo sauti ilipopotea: chumba kisicho na dari hakina mkia, kwani kila kinachopanda juu hakirudi. Anayepima sauti ya msikiti wa Kaole leo anapima ua.

Wakati huo huo Bagamoyo ilikuwa inapata sauti mpya. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1871 aliwakuta vijana wa misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, wakipiga muziki wa Kifaransa kwa ala za shaba. Aliyetaka kuusikia alilazimika kwenda pale. Hakukuwa na njia nyingine popote duniani.

Nyuzi mbili kutoka jukwaani: 1881 hadi 1933

Njia nyingine ilionekana Paris miaka kumi baadaye. Katika maonyesho ya umeme ya mwaka 1881, Clément Ader alipanga vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera na kuvuta nyuzi hadi kwenye maonyesho. Msikilizaji alishika vipande viwili, kimoja kila sikio, na watu walishangaa kutambua mwimbaji anapohama kutoka kushoto kwenda kulia. Ader alikuwa amegusa msingi wa mambo yote yaliyofuata. Binadamu hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha masikio mawili: sauti ya kulia hulifikia sikio la kushoto ikiwa imechelewa kwa kiasi kisichofikia elfu moja ya sekunde, na ikiwa imepunguzwa na kivuli cha kichwa. Mikunjo ya sikio lenyewe huongeza habari za juu na chini, mbele na nyuma.

Upande wa pili wa tatizo, yaani ukumbi, ulianza kupata hesabu yake mwaka 1895. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao maneno hayakueleweka ndani yake, na mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, akapewa kazi ya kuurekebisha. Usiku, mji ukiwa umetulia, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa ni muda gani sauti inachukua kufa. Aligundua kuwa muda huo hutegemea mambo mawili tu: ujazo wa chumba na kiasi cha sauti kinachomezwa na vilivyomo. Kipimo chake cha kumeza kilikuwa dirisha lililo wazi, ambalo halirudishi chochote. Hesabu ya chumba chembamba iliyotolewa juu ni ya Sabine, na ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulikuwa wa kwanza kujengwa kwa kuifuata.

Pande hizo mbili, sikio na ukumbi, zilikutana miaka ya 1930. Alan Blumlein wa Uingereza aliandikisha uvumbuzi wake wa stereo mwaka 1931. Nchini Marekani, tarehe 27 Aprili 1933, wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell waliisafirisha orkestra ya Philadelphia kwa waya hadi Washington, maikrofoni tatu upande mmoja na spika tatu upande wa pili, huku kondakta Leopold Stokowski akiwa Washington anarekebisha ukali wa sauti. Mwaka huo huo, kwenye maonyesho ya Chicago, kampuni hiyo iliwaonyesha watu sanamu iliyopewa jina Oscar, yenye maikrofoni kichwani pande mbili. Aliyevaa hedifoni alisikia kwa masikio ya Oscar.

Njia hizo mbili zimeendelea kushindana. Spika hujenga uwanda wa sauti mbele ya watu wengi, lakini chumba cha msikilizaji huongeza mrindimo wake juu ya ule wa ukumbi, na kila sikio husikia spika zote. Hedifoni hukiondoa chumba na kutenga masikio, ila humhudumia mtu mmoja, na akigeuza shingo ukumbi wote hugeuka naye.

Sauti bila chumba: 1928 hadi miaka ya 1980

Pwani ya Waswahili iliingia katika historia hii kupitia santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa Zanzibar walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Nyimbo zilizozoeleka kuimbwa kwa saa nyingi, katika nyumba za mawe zilizojaa watu, zililazimika kuingia kwenye upande wa santuri wenye dakika tatu hivi. Kilichorudi Unguja, Mombasa na Bagamoyo kilikuwa sauti na ala. Ghorofa, mazulia na watu wanaotunza hawakurudi. Haikuwa uzembe. Santuri ya wakati ule ilikuwa na mikwaruzo yake, na mrindimo ungeyazamisha maneno ndani yake. Kwa taarabu, ambayo msikilizaji wake hukaa kuwinda fumbo, maneno yakizama muziki umekufa.

Redio iliendeleza desturi hiyo. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 kituo kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa miongo miwili bendi za dansi, kuanzia NUTA Jazz na Morogoro Jazz hadi DDC Mlimani Park, zilipita studio hiyo, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mafundi mitambo wakipatanisha kwa kumsogeza mpigaji huyu na kumrudisha nyuma yule. Studio ya redio hutengenezwa ili imeze sauti, isije ikamsumbua msomaji wa habari. Kwa hiyo bendi ambazo watu walizijua kwenye kumbi na baa za wazi, ambako besi hutawanyika na tarumbeta hufika ng'ambo ya barabara, zilihifadhiwa kwenye tepu zikiwa karibu mno na kavu.

Ukavu huo ulionekana upungufu. Miaka iliyofuata ingeonyesha kuwa ulikuwa akiba.

Kumbi za bandia: 1957 hadi 1974

Studio za nchi tajiri zilipochoka na ukavu, zilianza kuutengeneza mrindimo. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa bamba la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku lenye uzito wa kilo mia mbili na ushee. Sauti ililitikisa bamba, na mtikisiko ukanaswa na kurudishwa kwenye rekodi. Vipaza vya magitaa vilipata springi zenye kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu, na ndizo zilizowapa wapiga magitaa wengi wa Afrika Mashariki ukumbi wa mfukoni. Hata hivyo vifaa hivyo vilitoa mrindimo wa chuma. Havikuwa na mahali.

Aliyeleta mahali ni Manfred Schroeder. Mwaka 1961 na 1962, akiwa maabara za Bell, alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutoa mkia wa sauti kwa hesabu tupu. Mwaka 1963, pamoja na Bishnu Atal, alionyesha jinsi spika mbili zinavyoweza kufanya kazi ya hedifoni: kila spika hutoa, pamoja na muziki, sauti ya kinyume inayofuta kile kinachovuja kuelekea sikio lisilohusika. Iliwezekana, mradi msikilizaji asisogee.

Ilipofika mwaka 1974, Schroeder na wenzake wa Göttingen, Ujerumani, waliitumia mbinu hiyo kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu. Walichukua rekodi ya simfoni ya Mozart iliyopigwa katika chumba kisicho na mwangwi wowote, wakaipiga kwa spika jukwaani katika kumbi zaidi ya 20 za Ulaya, na kuinasa kwa kichwa bandia kilichowekwa kwenye viti vya wasikilizaji. Kisha wakawaketisha watu maabarani na kuwahamisha kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kwa sekunde. Kabla ya hapo, ubishi juu ya ukumbi bora ulikuwa ubishi wa kumbukumbu. Wasikilizaji walizipenda kumbi ambazo masikio mawili yanapokea sauti zisizofanana, na kumbi hizo kwa kawaida ni nyembamba, kwani kuta za pembeni hurudisha sauti kabla dari halijafanya hivyo. Kumbi pana za kisasa, zenye dari la chini, hazikufua dafu.

Matokeo hayo yanastahili kusomwa Kaole pia. Mkoko uliowabana mafundi wa pwani uliwafanya wajenge, kwa kipimo kidogo, umbo ambalo masikio ya Göttingen yalilichagua. Lakini ulinganisho usivutwe mbali: ukumbi wa orkestra una ujazo wa maelfu ya mita za ujazo, na katika chumba cha mita 90 za ujazo mwangwi wa pembeni hufika mapema mno kiasi kwamba huongeza ukubwa wa sauti tu, bila kumpa msikilizaji hisia ya kuzungukwa.

Makuti ya Bagamoyo: 1981 hadi 2008

Bagamoyo yenyewe ilipata ukumbi wa maonyesho baada ya Chuo cha Sanaa kuanzishwa mjini hapo mwaka 1981. Chuo hicho, ambacho tangu mwaka 2007 ni wakala wa serikali na huitwa TaSUBa, kilijengewa ukumbi mkubwa wenye paa la makuti. Makuti ni kinyume cha lipu ya chokaa. Yana matundu mengi, sauti huingia na hairudi, na kwa ngoma ni jambo jema: mapigo ya haraka hubaki yametengana, kila mpigaji anasikika. Mwaka 2002 ukumbi huo uliungua, na uliojengwa upya haukuwa wa vifaa vile vile.

Kilichoteketea hapo si jengo peke yake, bali pia mazingira ambamo miaka mingi ya Tamasha la Bagamoyo ilisikika. Rekodi za video zilizopigwa ukumbini humo zina sauti ya ukumbi ndani yake, lakini imechanganyika na makofi na upepo wa baharini. Kuitenga ni kazi ngumu kuliko kuipima jengo likiwa limesimama.

Kupiga picha ya mwangwi: 1990 hadi 2019

Miaka ya 1990 kompyuta zilipata kasi ya kutosha kuunganisha hatua zote. Msingi wake ni huu: ukipasua puto ukumbini na kuunasa mlio, umenasa jibu la ukumbi kwa pigo moja. Muziki wowote ni mfululizo wa mapigo, kwa hiyo kompyuta inaweza kulipa kila pigo la rekodi kavu jibu lile na kuyajumlisha yote. Hesabu hiyo, konvolusheni, ilikuwa nzito mno kufanyika papo hapo hadi katikati ya muongo huo. Mwaka 1999 Sony ilitoa mashine ya studio iliyoifanya, na mwaka 2000 Angelo Farina wa Italia akaonyesha kipimo bora kuliko puto au bastola: spika hutoa mluzi unaopanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba, na kompyuta huugeuza kuwa jibu la chumba. Kwa misikiti na makanisa yanayotumika ilikuwa nafuu ya aina mbili, kwani hakuna imamu anayefurahia mlio wa bastola.

Majengo ya ibada ndiyo yaliyofaidika mapema. Kati ya mwaka 2000 na 2003 mradi wa CAHRISMA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulipima na kuigiza sauti ya misikiti ya msanifu majengo Sinan mjini Istanbul. Hagia Sophia, yenye mrindimo wa sekunde karibu 11, ilipimwa kwa maputo na watafiti wa Stanford, na mwaka 2019 kwaya ya Cappella Romana ikatoa albamu iliyoimbwa California ndani ya sauti hiyo. Mwaka huo huo, Aprili, paa la Notre-Dame de Paris liliungua. Sauti yake ilikuwa imepimwa mwaka 2013, na vipimo hivyo vikawa sehemu ya kumbukumbu za ukarabati.

Jengo lililokwisha kuanguka huhitaji njia nyingine. Mwaka 1968 wahandisi wa Trondheim, Norwei, walionyesha kuwa kompyuta inaweza kufuatilia miale ya sauti ndani ya umbo la ukumbi na kukadiria jibu lake kabla haujajengwa. Programu zilizozaliwa na wazo hilo hufanya kazi ile ile kwa magofu. Kinachotakiwa kwanza ni umbo sahihi, na hapa pwani ina mwanzo mzuri: mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ukuta kwa ukuta.

Msikiti wa Kaole ndani ya kompyuta

Kwa Kaole, kazi ingeanza kwenye kuta zilizobaki na kuendelea kwa maamuzi. Dari lirudishwe kimo gani? Boriti zionekane, au ziwe zimefunikwa kwa lipu? Sakafu iwe na mikeka au tupu? Milango ingapi iwe wazi, ikikumbukwa kuwa mlango wenye mita 2 za mraba humeza sauti karibu sawa na watu watano? Mwisho, watu wangapi wawe ndani, nao, kama hesabu ya mwanzo ilivyoonyesha, ndio wenye uzito kuliko yote. Jibu moja haliwezi kutolewa. La uaminifu zaidi ni kutengeneza misikiti kadhaa, mtupu na uliojaa, na kumwacha msikilizaji aingie wote.

Baada ya umbo huja sauti kavu ya kuwekwa ndani. Kisomo kinaweza kurekodiwa upya katika studio, msomaji akiwekwa ndani ya kompyuta huku uso umeelekea mihrabu. Kwa kumbi za dansi na taarabu, tepu za redio, ambazo leo ziko mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania, ndizo hazina, kwa sababu ile ile iliyozifanya zionekane pungufu: hazina chumba kitakachogombana na chumba kipya. Kasoro yake ni kwamba bendi nzima imo katika mkondo mmoja wa sauti, hivyo gitaa na tumba haziwezi kuwekwa pande mbalimbali za jukwaa bila kwanza kutenganishwa.

Hatua ya mwisho ni masikio. Hedifoni zenye kihisi cha mzunguko wa kichwa hutatua tatizo la Oscar: msikilizaji akigeuka, kibla hubaki kaskazini. Masikio ya watu hayafanani, na kichwa bandia cha kawaida huwafanya wengine wasikie sauti ya mbele ikitokea nyuma. Ndiyo sababu maabara nyingi leo hupima au kukadiria sikio la kila msikilizaji. Spika zina nafasi yake katika jumba la makumbusho, zikipangwa kuzunguka watu ndani ya chumba kilichotandikwa vitambaa. Ndani ya gofu lenyewe hazifai, kwa kuwa kuta zilizobaki zingeijibu sauti mara ya pili na upepo ungechukua sauti nzito. Hapo zinazofaa ni hedifoni za wazi, zisizoziba sikio, zinazomwezesha mgeni kusikia kwa pamoja msikiti wenye paa na ndege wa mikokoni.